Burgumestre wa Wakulima na Sanduku la Mikopo

Wazee wetu walisema: Kukopa harusi, kulipa matanga. Hakuna mtu aijuaye methali hiyo kuliko mkulima. Mbegu hununuliwa mwezi ambao ghala ni tupu, na mavuno huuzwa mwezi ambao kila jirani auza pia, bei ikiwa chini kabisa. Katikati ya miezi hiyo miwili husimama mtu mwenye fedha. Yeye ndiye apangaye bei ya mbegu, na yeye ndiye apangaye bei ya mavuno. Mkulima hulima, na mwingine huvuna.

Taabu hiyo si ya nchi yetu peke yake, wala si ya siku hizi tu. Wazungu nao waliijua, tena waliionja kwa uchungu. Katika ukurasa huu twataka kueleza habari za mtu mmoja wa Ujerumani, mtumishi wa Serikali katika vijiji vya maskini, ambaye kwa miaka karibu ishirini alitafuta dawa ya taabu hiyo. Dawa ya kwanza haikutosha, ya pili haikudumu, na ya tatu ndiyo iliyoenea duniani. Tutaona kwa nini.

Mtoto wa Hamm

Friedrich Wilhelm Raiffeisen alizaliwa tarehe 30 Machi 1818 huko Hamm, kijiji kilicho kando ya mto Sieg, katika nchi ya vilima na baridi iitwayo Westerwald. Wakati ule sehemu hiyo ilitawaliwa na mfalme wa Prusia. Alikuwa mtoto wa saba kati ya watoto tisa. Nyumba yao haikuwa na mali ya kumpeleka katika shule kubwa, basi mchungaji wa kijiji ndiye aliyemfundisha, maana jamaa yake ilikuwa ya Kiprotestanti. Alipofikia miaka 17 aliingia jeshini, katika kikosi cha mizinga. Lakini macho yake yakaanza kuugua, na mwaka 1843 ikambidi kuacha jeshi. Ndipo alipoingia katika kazi ya utawala.

Mwaka 1845 aliwekwa kuwa burgumestre wa Weyerbusch. Tusifikiri kwamba alitawala mji mkubwa wenye barabara na majumba. Vilikuwa vijiji 22 vilivyotawanyika vilimani. Mashamba yalikuwa madogo, kwa sababu kila baba alipokufa watoto waligawanya ardhi yake, na watoto wao wakaigawanya tena. Njia zilikuwa za matope. Mkulima aliyekuwa na viazi vya kuuza hakuweza kuvifikisha sokoni.

Burgumestre huyo kijana alijenga shule, kisha akaanza kazi ya barabara ya kuelekea Neuwied, mji ulio kando ya mto mkubwa wa Rhine. Alijua kwamba mavuno yasiyofika sokoni hayamtajirishi mtu. Hata leo wageni huonyeshwa barabara inayoitwa kwa jina lake.

Mkate wa Weyerbusch

Hata mwaka 1846 njaa ikaingia. Ugonjwa wa viazi ulikuwa umeharibu mashamba ya Ulaya tangu mwaka uliotangulia, na sasa nafaka nayo ikakosekana. Wakati wa baridi ya mwaka 1846 na 1847 watu wa Westerwald hawakuwa na kitu cha kutia chunguni.

Serikali haikuwasahau. Ilileta unga. Lakini unga ule ulikuja na amri: uuzwe kwa fedha taslimu tu. Kumbe, mwenye fedha taslimu hakuwa na njaa, na mwenye njaa hakuwa na fedha taslimu! Msaada ukawa umefika kijijini, lakini haukuweza kuingia nyumbani mwa mtu aliyeuhitaji.

Raiffeisen hakukubali watu wafe mbele ya magunia yaliyojaa. Aliwakusanya matajiri wa vijiji vyake, akawaomba watie fedha katika mfuko mmoja. Kwa mfuko huo waliweza kupata unga na kuwapa maskini kwa mkopo, kwa ahadi ya kulipa baadaye. Tena walijenga tanuri ya watu wote, wakaoka mkate wao wenyewe na kuuuza kwa bei nafuu kuliko ile ya wachuuzi. Chama hicho kiliitwa Chama cha Mkate.

Tuangalie vema jambo hili. Hakuwagawia watu mkate bure kama sadaka ya mlangoni. Aliwakopesha. Maana yake aliwatendea kama watu wenye neno, watu ambao kesho watakuwa na mavuno. Mtu akipewa bure aweza kuinamisha kichwa, lakini mtu akikopeshwa na kulipa hubaki ameinua uso.

Ng’ombe wa Flammersfeld

Mwaka 1848 alihamishwa kwenda Flammersfeld. Huko hakukuta njaa ya mkate bali njaa ya namna nyingine, iliyojificha.

Katika nchi ile mkulima asiye na ng’ombe hakuwa mkulima. Ng’ombe ndiye aliyevuta jembe, ndiye aliyetoa maziwa, na samadi yake ndiyo iliyorutubisha ardhi. Mtu aliyefiwa na ng’ombe hakuwa na banki ya kumkopesha, kwani banki zilikaa mijini na hazikumjua. Basi alikwenda kwa mfanyabiashara wa mifugo. Huyu alimpa mnyama kwa mkopo, lakini kwa bei kubwa kuliko ya soko, na riba juu yake. Mkulima alimlisha yule ng’ombe, akamtunza, akalipa na kulipa. Akichelewa mara moja, deni likazaa deni. Mwisho mnyama akaondoka, na mara nyingine shamba likamfuata.

Mwaka 1849 Raiffeisen aliunda Chama cha Msaada kwa ajili ya wakulima wasio na kitu. Watu 60 wenye mali walikubali kuwa wadhamini, kila mmoja kwa mali yake yote. Kwa dhamana hiyo chama kiliweza kukopa fedha kwa riba ya haki. Mwanzoni kilinunua ng’ombe na kuwapa wakulima, nao wakalipa kidogo kidogo kwa miaka 5. Baadaye kikaanza kukopesha fedha zenyewe, ili mtu anunue kitu anachokihitaji.

Miaka mitano! Hapo ndipo penye akili. Mchuuzi alitaka fedha yake upesi, lakini shamba halina upesi. Raiffeisen aliupima mkopo kwa kipimo cha ardhi, siyo kwa kipimo cha duka.

Hapa hatupaswi kunyamazia jambo moja la aibu. Kati ya wafanyabiashara wa mifugo wa nchi ile walikuwamo Wayahudi, na katika baadhi ya maandishi yake Raiffeisen aliwashutumu Wayahudi kana kwamba taabu ya wakulima ilitoka katika taifa lao. Alikosea. Riba kubwa huzaliwa pale ambapo mtu mwenye shida ana mlango mmoja tu wa kubisha. Awe nani aliye nyuma ya mlango huo, mlango ukiwa mmoja, bei itapanda. Kazi yake mwenyewe ilithibitisha hivyo: alipofungua mlango wa pili, nguvu ya mkopeshaji wa kwanza ilipungua, bila kumfukuza mtu ye yote. Sisi tuliokwisha kuona damu ikimwagika kwa sababu ya kulaumu kabila la jirani, tushike somo hilo kwa mikono miwili.

Huruma inapochoka

Mwaka 1852 Raiffeisen alihamia Heddesdorf, karibu na Neuwied, na mwaka 1854 akaanzisha chama cha tatu, Chama cha Mapendo Mema. Hiki kilikuwa na makusudi mengi sana: kuwalea watoto walioachwa, kuwatafutia kazi watu wasio na kazi na wale waliotoka gerezani, kufungua maktaba ya watu wote, tena kukopesha wakulima. Ni kama ofisi nzima ya ustawi wa jamii, iliyobebwa na watu wachache wenye moyo mwema.

Mzigo ukawalemea. Miaka ilipopita kazi moja baada ya nyingine ikasimama, ikabaki ile ya mikopo tu. Hata hiyo ikaanza kuyumba. Kwa nini? Kwa sababu waliotoa dhamana walikuwa watu wengine, na waliofaidi walikuwa watu wengine. Tajiri alijiuliza: “Hata lini nitaweka nyumba yangu rehani kwa ajili ya deni la mtu nisiyekula naye?” Naye maskini alikopa bila kujua hesabu za chama, bila kuwa na sauti ndani yake, kwa hiyo hakukiona kuwa chake. Methali yetu yasema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika chama kile maskini alikuwa amebaki mgeni kwa miaka, bila kupewa jembe.

Raiffeisen hakupenda kuliamini jambo hili. Alikuwa Mkristo wa moyo, na alitamani kwamba upendo wa matajiri utoshe. Lakini miaka kumi ya daftari za mikopo ilimfundisha. Mwaka 1862 palikuwa pamekwisha kuundwa mfuko wa mikopo katika kijiji cha Anhausen, na mwaka 1864 chama cha Heddesdorf kilivunjwa na kuundwa upya kwa sheria moja mpya: anayetaka kukopa sharti awe mwanachama, na awe mdhamini pamoja na wenzake. Mlango wa mfadhili ukafungwa. Mlango wa ushirika, ule tunaouita koperative, ukafunguliwa.

Mwaka uliofuata Serikali ilimstaafisha, kwani macho yalikuwa yamekwisha kabisa kuharibika. Mke wake alikuwa amefariki mwaka 1863. Ili kuwalisha watoto alianzisha kiwanda kidogo cha sigara, kisha akafanya biashara ya divai. Barua na vitabu vyake viliandikwa kwa mkono wa binti yake Amalie. Mwaka 1866, mtu huyu aliyekuwa karibu kipofu, alitoa kitabu chenye kueleza namna ya kuanzisha mifuko ya mikopo vijijini. Kitabu hicho ndicho kilichopeleka kazi yake mbali kuliko miguu yake.

Sheria za sanduku

Tuzieleze sasa kanuni zake, kwa maana zaweza kumfaa ye yote anayetaka kuanzisha jambo la namna hiyo.

Ya kwanza: eneo liwe dogo, kadiri ya parokia moja. Katika eneo dogo watu wajuana. Wajua ni nani mchapa kazi na ni nani mlevi. Banki ya mjini huuliza hati. Kijiji chajua tabia.

Ya pili: wanachama wote huchukua deni pamoja, bila kikomo. Tuseme wanachama ni 50, na mmoja ameshindwa kulipa. Hasara yake huwaangukia 49 waliobaki. Sheria hiyo ni kali, lakini ndiyo iliyomfanya mwenye fedha wa mjini akubali kuwaamini watu wasio na kitu. Tena ndiyo iliyomfanya kila mwanachama aangalie kama jirani yake kweli amenunua ng’ombe, au amekunywa fedha ya ng’ombe.

Ya tatu: mkopo utolewe kwa kazi inayozaa, si kwa anasa; na muda wa kulipa ulingane na mavuno.

Ya nne: viongozi wasilipwe mshahara. Ni mtunza hesabu peke yake aliyepewa malipo, kwa sababu kazi yake ni ya kila siku. Hivyo hakuna aliyegombea uongozi kwa ajili ya tumbo.

Ya tano: faida isigawanywe, bali iwekwe akiba ya wote. Hata chama kikivunjika, akiba hiyo isiliwe na wanachama wa mwisho, maana imetokana na jasho la waliotangulia.

Hapo palitokea ugomvi mkubwa. Mwenzake Hermann Schulze-Delitzsch, aliyekuwa ameanzisha tangu mwaka 1850 vyama vya mikopo kwa mafundi wa mijini, alimshambulia. Alisema: “Mnapokea akiba ambazo wenyewe waweza kuzidai wakati wo wote, na mnazikopesha kwa miaka mingi. Siku moja mtafilisika.” Tena alitaka kila mwanachama anunue hisa. Neno lake halikuwa la kijinga, na sheria ikamlazimisha Raiffeisen kukubali hisa; lakini alizifanya ndogo sana ili maskini asibaki nje. Kuhusu hatari ya fedha kupungua, jibu lake lilikuwa kuunganisha vijiji. Mwaka 1872 aliunda huko Neuwied banki ya muungano, ili kijiji chenye akiba nyingi kisaidie kijiji chenye haja.

Raiffeisen alikufa tarehe 11 Machi 1888, siku chache kabla ya kutimiza miaka 70. Mwaka uliofuata dola ya Ujerumani ilitoa sheria ya vyama vya ushirika kwa nchi nzima, na mwaka 1895 Serikali ya Prusia ilianzisha banki kuu ya kuvisaidia. Mwaka 2016 shirika la UNESCO liliiandika mila ya ushirika ya Ujerumani katika orodha ya urithi wa wanadamu wote.

Mbegu katika nchi nyingine

Katika Ubelgiji mbegu ile ilipandwa na padri. Mwaka 1890 Padri Jacob Ferdinand Mellaerts, pamoja na Joris Helleputte na Franz Schollaert, walianzisha Boerenbond, yaani umoja wa wakulima. Na mwaka 1892 mfuko wa kwanza wa mikopo kwa kanuni za Raiffeisen ulifunguliwa huko Rillaar. Kati ya tarehe hizo mbili, mwaka 1891, Papa Leo XIII alitoa barua yake Rerum Novarum juu ya hali ya wafanyakazi. Hivyo mapadri wengi wa Kibelgiji waliona kwamba kumfundisha mkulima kuweka akiba kwaendana na kazi yao, na kanuni iliyotoka kwa Mprotestanti ikapata makao katika parokia za Kikatoliki.

Huko Uhindi mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Waingereza waliziona kazi za Raiffeisen, na mwaka 1904 wakatoa sheria ya vyama vya mikopo. Lakini vyama vilianzishwa kutoka juu, na maofisa wa Serikali ndio waliovisajili, kuvikagua na kuvisukuma. Miaka hamsini baadaye, mwaka 1954, uchunguzi mkubwa wa mikopo ya vijijini ulitolewa: vyama hivyo vilikuwa vikitoa karibu sehemu 3 tu kwa 100 za mikopo ya wakulima. Wakopeshaji wa riba walikuwa bado wanashika sehemu kubwa kabisa. Sheria ilikuwa imefika kila wilaya, na ukopeshaji ulikuwa umebaki mikononi mwa wale wale.

Jirani zetu wa Rwanda walianza mwaka 1975, huko Nkamba, kwa msaada wa Waswisi: banki ya watu, iliyo mali ya wanachama. Ikaenea nchi nzima. Mwaka 2008 iligeuzwa kuwa banki ya biashara, na mwaka 2021 sehemu kubwa ya hisa zake ikanunuliwa na banki ya KCB kutoka Kenya. Hatusemi kwamba banki ya biashara ni kitu kibaya. Twasema tu kwamba kitu kilichozaliwa kijijini chaweza kuondoka kijijini kwa kura na kwa karatasi, wenyewe wakitazama.

Na sisi katika Kongo? Wakati wa ukoloni kulikuwako sheria za koperative, ya mwaka 1956 ikiwa mojawapo, lakini mtawala ndiye aliyeshika fimbo. Kisha tuliona jambo baya zaidi. Katika miaka ya tisini fedha yetu iliyeyuka. Mwaka 1993 zaire mpya moja ilichukua mahali pa zaire za zamani 3.000.000. Mtu aliyeweka akiba kwa uaminifu miaka kumi alikuta amebakiwa na bei ya kiberiti. Ndiyo maana wengi walirudi kwenye likelemba, ambako fedha haikai, bali huzunguka kutoka mkono hadi mkono. Sheria ya tarehe 2 Februari 2002 ilitengeneza upya njia ya vyama vya akiba na mikopo, na banki kuu ya nchi ikapewa kazi ya kuviangalia. Lakini sheria haiwezi kumrudishia mtu imani aliyoipoteza. Imani hujengwa na daftari safi, mwaka baada ya mwaka.

Tunachojifunza

Likelemba yatufundisha kwamba watu wetu hawakosi uaminifu. Mama wa sokoni asiyejua kusoma hulipa zamu yake hata mtoto akiwa mgonjwa, kwa kuwa anawajua wenzake na wenzake wanamjua. Hiyo ni kanuni ya kwanza ya Raiffeisen, nasi twaishi nayo kabla hatujasikia jina lake. Kinachopungua ni hatua ya pili: likelemba hutoa fedha kwa zamu, si kwa haja, na haiwezi kungoja miaka mitano ya ng’ombe. Ili kuvuka hapo, pahitajiwa daftari, wakaguzi, na akiba isiyogawanywa.

Serikali nayo ina kazi yake. Yapasa itoe sheria ya haki, imwadhibu mwizi wa akiba, ijenge barabara, ilinde fedha isiyeyuke. Bila hayo chama cho chote kitaanguka. Lakini Serikali ikitaka kuwa mwenye sanduku, watu watalitazama sanduku kama kitu cha Serikali, na kitu cha Serikali, wengi hudhani, hakirudishwi. Vivyo hivyo mfadhili kutoka mbali: fedha yake yaweza kuanzisha, haiwezi kudumisha.

Basi, wasomaji wapenzi, mtu akija katika kigango chenu na kusema, “Tuanzishe mfuko,” msimwulize kwanza ataleta fedha kiasi gani. Mwulizeni mambo haya: Nani atashika daftari, na nani atalisoma mbele ya watu wote? Anayekopa naye ataweka nini? Akishindwa, hasara itamwangukia nani? Na faida itakwenda wapi? Akiweza kujibu maswali hayo manne bila kuzungukazunguka, keti naye. Akianza kutaja majina ya wakubwa anaowajua mjini, mwageni kwa adabu.

Haba na haba hujaza kibaba. Lakini sharti kibaba kiwe cha wote, na kisiwe na tundu.